Besi Isikike: Mwongozo wa Gitaa, Amplifaya na Sauti kwa Mpiga Besi

Ukitaka kumjua mpiga besi, usimsikilize akiwa peke yake dukani. Msikilize dakika ya kumi ya rumba, tumba zimepamba moto, solo na rizimu zinabishana, na mpiga kinanda kateremsha mkono wa kushoto mpaka mwisho wa vitufe. Hapo ndipo besi nyingi hupotea. Mtu unamwona anacheza, vidole vinatembea, lakini noti husikii.

Mimi nilipotea hivyo miaka kadhaa. Nyumbani nilikuwa napandisha sauti za chini mpaka mwisho, napandisha za juu, nashusha za kati, na muziki unakuwa mtamu kama wa redioni. Nikifika ukumbini unabaki mngurumo tu, kama lori limeegeshwa nje halijazimwa. Nikaenda kutafuta wati zaidi. Lori likawa kubwa zaidi.

Basi tufuate njia ya sauti, kuanzia uzi hadi masikio ya aliyekaa meza ya nyuma. Mpangilio huu ndio mpangilio wa matumizi ya fedha pia: vitu vya mwanzo ni rahisi na vinaleta tofauti kubwa, vya mwisho ni ghali na mara nyingi unaweza kuvisubiri.

Kwanza: besi inakaa wapi

Uzi wa E ukipigwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. A ni 55, D ni 73, G ni 98. Wenye gitaa la nyuzi tano, ambao makanisani ndio wengi siku hizi, wana B ya hezi 31.

Sasa angalia boksi lako la spika ya inchi kumi. Kwa kawaida haliwezi kutoa hezi 41 kwa nguvu yoyote ya maana, achilia mbali 31. Lakini mbona E unaisikia? Kwa sababu uzi hautoi sauti moja. Juu ya 41 kuna 82, kuna 123, kuna 165, na kuendelea. Sikio likizipata hizo, linajijazia lenyewe ile ya chini iliyokosekana. Ndiyo maana hata kwenye spika ya simu unaweza kufuata mwendo wa besi, ingawa spika yenyewe ni ndogo kama kifungo.

Maana yake kivitendo ni hii: noti ya besi inatambulika kwenye sauti za kati. Uzito uko kati ya hezi 40 na 100 hivi. Ngumi, ile inayokugusa kifuani, iko kati ya 80 na 150. Kuanzia 200 hadi 300 ndipo panapojaa tope. Kati ya 500 na 1,000 ndipo noti inapopata sura na jina, na kati ya 2,000 na 4,000 kuna mkwaruzo wa kidole na kofi la kidole gumba. Ukikariri ramani hii, nusu ya mwongozo umeshaumaliza.

Pili: gitaa ulilonalo, kabla ya lile unalolitamani

Usinunue gitaa jipya kabla hujalitengeneza la zamani. Nimeshuhudia gitaa la bei ya chini lililopangwa vizuri likilifunika la gharama ambalo mwenyewe hajawahi hata kulibadilishia nyuzi tangu alitoe kwenye sanduku.

Anza na shingo. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Inatakiwa nafasi ndogo, kama milimita 0.3, unene wa kadi ya biashara. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imepinda mbele. Kaza chuma cha ndani ya shingo kwa kuzungusha ufunguo upande wa kulia. Uzi ukigusa freti, legeza. Lakini robo mzunguko tu kwa mara moja, halafu rudisha tyuni na upime tena. Ukikuta ufunguo mgumu, acha, mpelekee fundi. Chuma hicho kikikatika, shingo imekwisha.

Kisha urefu wa nyuzi. Kwenye freti ya 12, milimita 2.5 upande wa E na 2 upande wa G ni pa kuanzia pazuri. Wenye mkono mzito wapandishe kidogo.

Halafu ulinganifu wa tyuni. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana, piga, soma tyuna. Sasa ubane hapo hapo, piga tena. Noti iliyobanwa ikiwa juu kuliko ile ya kugusa, rudisha tandiko la uzi, kile kipande kinachoubeba uzi kwenye daraja, nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Kazi hii ni ya dakika ishirini na bisibisi moja, na ndiyo itakayowaondolea wenzako ile hisia kwamba "besi ina kitu", hata kama hawajui ni kitu gani.

Kwa sisi wa pwani kuna adui wa ziada: unyevu na chumvi. Mbao ya shingo inanyonya, freti zinafanya kutu, nyuzi zinakufa kabla ya muda wake. Nikimaliza kupiga, napitisha kitambaa kikavu juu na chini ya kila uzi. Vile vijipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu sivitupi. Vinakaa kwenye begi la gitaa. Na gitaa halilali kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Joto la mle ndani linalegeza gundi.

Nyuzi zenyewe ziko za namna mbili kubwa. Raundi zina mistari unayoihisi kidoleni, zinang'aa na kuuma, nzuri kwa sebene, kwa gospo ya kisasa na kwa kofi. Flati ni laini kama utepe, sauti yake ni nene na fupi. Seti ya kawaida ya nyuzi nne ina unene wa 45 hadi 105, kwa elfu za inchi. Zikichoka raundi, wengi wetu tunazichemsha: dakika kumi kwenye maji yanayotokota, unazikausha kabisa, unazirudisha. Zinaamka kweli, kwa siku chache. Kuziloweka usiku kucha kwenye spiriti kunadumu zaidi na hakuleti kutu, ilimradi usifanye hivyo karibu na jiko. Lakini uzi uliochemshwa mara tatu ni uzi uliokufa, tuuzike kwa heshima.

Hata hivyo kuna aliyeishi na nyuzi zilizokufa na akawa mwalimu wetu sote. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za kampuni ya Motown kule Detroit miaka ya 1960, alitumia gitaa la Fender Precision lenye nyuzi flati ambazo hakuwa mtu wa kuzibadilisha, na akapiga kwa kidole kimoja cha shahada. Mara nyingi studio walimrekodi moja kwa moja kwenye mashine bila amplifaya. Kwa hiyo usije ukaambiwa kwamba sauti kubwa inahitaji stoo ya vyombo.

Tatu: mkono wa kulia

Kabla hujagusa nobu yoyote, sogeza mkono. Piga karibu na shingo: sauti mviringo, ya chini, noti zinavimba. Piga karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa: sauti kavu, yenye sura. Umbali wa sentimita kumi unafanya kazi ambayo watu wanainunulia pedali.

Jaribu hili leo. Chukua mstari mmoja wa rumba unaoujua, uucheze mara nne, kila mara ukisogeza mkono kidogo kuelekea daraja, nobu zote zikiwa palepale. Rekodi kwa simu. Utasikia kama umebadilisha gitaa mara nne.

Jambo la pili ni urefu wa noti, na hapa ndipo rumba inapokaa. Besi ya rumba inaacha nafasi. Kuna mapigo ambayo mpiga besi anayaruka makusudi, na densi inaangukia kwenye shimo hilo. Ukiacha noti iendelee kuvuma mpaka inayofuata, shimo linazibika na wachezaji wanapoteza mguu. Kwa hiyo jifunze kuuzima uzi: inua kidole cha kushoto bila kukitoa juu ya uzi, au laza kiganja cha kulia kidogo pembeni mwa daraja. Kipande cha sifongo ya godoro chini ya nyuzi, karibu na daraja, nacho kinafaa kwa nyimbo za zamani. Hakigharimu kitu.

Nne: nyaya, jeki na betri

Hitilafu nyingi za "amplifaya imeharibika" ninazoitiwa kutazama ni waya. Waya wa gitaa uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Mita tatu hadi sita zinatosha jukwaa nyingi. Kwa gitaa lisilo na betri, waya mrefu unakula sauti za juu.

Jeki ya gitaa ikianza kukwaruza ukiigusa, fungua kibati chake. Utakuta nati imelegea na nyaya mbili zimejisokota kwa sababu jeki nzima imekuwa ikizunguka. Zinyooshe, kaza nati huku umeshikilia jeki kwa ndani, na kama waya umekatika, lehemu upya kwa risasi kidogo. Waya wa katikati unaenda kwenye kile kilimi kinachogusa ncha ya plagi. Waya wa nje unaenda kwenye bati la pembeni. Ukizipishanisha, sauti itatoka ikiwa na mngurumo mwingi, utajua umekosea.

Gitaa lenye betri ya volti 9 linawaka pale unapochomeka waya, si pale unapopandisha sauti. Ukiliacha limechomekwa, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Dalili ya betri inayokufa ni sauti kukwaruza kwenye noti nzito kwanza, halafu inapungua. Wengi hudhani spika imepasuka.

Sasa kosa lililonigharimu. Boksi la spika na amplifaya vikiwa vitu viwili tofauti, waya unaoviunganisha si waya wa gitaa, hata kama plagi zinafanana kabisa. Waya wa gitaa una kiini chembamba kilichozungushiwa wavu. Kazi yake ni kubeba umeme mdogo sana. Mimi niliuchomeka kwenye spika kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Nusu saa baadaye waya ulikuwa wa moto mkononi, kisha ukajiunga wenyewe kwa wenyewe kwa ndani, na amplifaya ikazima katikati ya wimbo. Tumia waya mnene wa nyuzi mbili, milimita mraba 1.5 au zaidi. Hata waya wa umeme wa kawaida wa kunyumbulika wa ukubwa huo, mita moja au mbili, unafanya kazi salama. Amplifaya za kisasa zina tundu la Speakon, lenye plagi ya kuchomeka na kuzungusha. Kama lako linalo, litumie hilo, maana waya wa gitaa hauingii humo hata ukiwa na usingizi.

Tano: wati na omu

Wati zinadanganya. Kutoka wati 100 kwenda 200 unapata desibeli 3 tu, ongezeko unalolisikia lakini halikuangushi. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo anayehama kutoka 300 kwenda 400 amenunua namba.

Kwa mazoezi ya chumbani na kwaya isiyo na ngoma kubwa, wati 100 zinakidhi. Ukikaa na ngoma kamili, anzia 300. Ukumbi mkubwa, hesabu ya wati zako haina maana tena, kazi ni ya mitambo ya ukumbi, tutafika huko.

Kinachoongeza sauti kuliko wati ni spika. Boksi la pili lililo sawa na la kwanza linasukuma hewa mara mbili, na amplifaya nyingi hutoa nguvu zaidi zikipata boksi mbili. Ila hapa lazima ujue omu, kipimo cha jinsi spika inavyoupinga umeme, na hesabu ni nyepesi. Boksi mbili za omu 8 kila moja zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2. Tatu za omu 8 zinakuwa kama 2.7. Hata ukichomeka boksi la pili kupitia nyuma ya la kwanza, hesabu ni hiyohiyo.

Tazama nyuma ya amplifaya, pameandikwa kiwango cha chini kabisa, mara nyingi omu 4. Usishuke chini yake. Itacheza vizuri nyimbo mbili tatu, itachemka, halafu ama ijizime yenyewe ama iungue. Kupanda juu hakuna madhara kwa amplifaya ya transista, unapata tu wati pungufu. Amplifaya ya valvu ni tabia nyingine: usiiwashe kabisa bila spika kuchomekwa, na omu zilingane na zilizoandikwa, la sivyo transfoma yake ya kutolea inakufa. Ile Ampeg SVT ya mwaka 1969, wati 300 za valvu na maboksi yenye spika nane za inchi kumi, ndiyo iliyofanya watu waamini besi lazima ije na fridge mbili. Siku hizi amplifaya za klasi D zinatoa nguvu hiyo zikiwa na uzito wa kilo tatu nne. Kama unapanda bodaboda kwenda kwenye shoo, jibu unalo.

Ukinunua ya mtumba, nenda na gitaa lako na waya wako. Washa bila kuchomeka kitu, sikiliza: mngurumo mkubwa ukiwa nobu zote chini si dalili njema. Zungusha kila nobu. Mkwaruzo mdogo unatibika kwa dawa ya kusafishia, mkatiko wa sauti ni habari nyingine. Toa wavu wa spika kama unatoka, weka vidole vya mikono miwili kuizunguka katikati, isukume taratibu na sawasawa. Ukisikia inasugua, koili imeungua au imepinda. Nusa pia, koili iliyoungua ina harufu usiyoisahau. Halafu icheze nusu saa kwa sauti ya kazi, sio dakika mbili kwa sauti ya dukani. Muuzaji atakereka. Mwache akereke.

Sita: umeme wetu

Amplifaya nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani zimetengenezwa kwa volti 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. Kabla ya kuchomeka, soma maandishi nyuma. Ikiandikwa 100 hadi 240, badilisha plagi tu. Ikiwa na swichi ya 115 na 230, isogeze kwenye 230 na uangalie fyuzi inayotakiwa kwa upande huo. Ikiandikwa 120 peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha yenye wati zinazozidi za amplifaya. Kila mwaka nasikia hadithi ya mtu aliyechomeka kwanza akasoma baadaye.

Fyuzi ikiungua, weka fyuzi ya namba ileile. Karatasi ya sigara na kipande cha waya vinafanya kazi hadi siku ile vinapotakiwa visifanye.

Umeme ukikatika, zima swichi ya amplifaya palepale. Ukirudi huwa unarudi kwa fujo. Subiri dakika mbili tatu, ndipo uwashe. Kwenye jenereta, waache waiwashe itulie kwanza, kisha chomeka. Stabilaiza nzuri ni uwekezaji wenye akili kuliko pedali yoyote niliyowahi kununua.

Na hili usilifanyie mzaha: shoti. Ukiwa umeshika nyuzi na midomo inagusa maiki, wewe ndiye daraja kati ya amplifaya na mikisa. Kabla ya kuimba, gusa maiki na nyuzi kwa testa. Ikiwaka, simamisha kila kitu mpaka fundi aone. Kamwe usikate pini ya ethi kwenye plagi ili kuondoa mngurumo. Mngurumo unaondoka, na siku moja na wewe unaweza kuondoka. Chomeka amplifaya na mitambo ya ukumbi kwenye chanzo kimoja cha umeme, hiyo peke yake inatibu mingurumo mingi.

Saba: kiboksi cha DI na fundi mitambo

Kama ningepewa fedha ya kitu kimoja tu baada ya nyuzi, ningenunua kiboksi cha DI. Gitaa linaingia upande mmoja, upande mwingine unatoka waya wa pini tatu kama wa maiki, unaosafiri makumi ya mita hadi kwenye mikisa bila kuokota kelele. Tundu la pili linapeleka sauti kwenye amplifaya yako jukwaani. Amplifaya yako sasa ina kazi moja: ikusikilizishe wewe na mpiga ngoma. Ukumbi unasikia mitambo.

Kiboksi kina swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti. Ukisikia mngurumo, ijaribu hiyo. Hiyo ni halali na salama, tofauti na kukata pini ya plagi. Kama ni cha kutumia umeme, kinahitaji volti 48 kutoka kwenye mikisa. Mwambie fundi aziwashe akiwa ameshusha sauti, la sivyo ukumbi mzima utashtuka.

Amplifaya nyingi zina DI ya ndani, na kijiswichi cha kuchagua sauti itoke kabla au baada ya nobu zako. Chagua kabla. Ukirekebisha sauti yako jukwaani katikati ya shoo, kazi ya fundi haivurugiki.

Na fundi mwenyewe, msalimie mapema, kabla ya kumlalamikia. Wengi wamekulia kwenye sabufa za daladala na za harusi, na wanaamini besi ni kitu cha kutetemesha viti. Mimi humwambia hivi: "Kaka, naomba unikate chini ya arobaini, halafu unipandishie kidogo kwenye mia nane." Ukimtajia namba anakuheshimu. Ukimwambia "nipe besi zaidi", atakupa sabufa.

Nane: kupanga sauti ukumbini

Hapa ndipo penye kazi, twende polepole.

Weka nobu zote za sauti katikati, saa sita. Zima kila kitufe chenye jina la kuvutia. Piga kwa nguvu utakayotumia kwenye wimbo wa moto kabisa, huku ukipandisha geini, nobu ya sauti inayoingia, mpaka taa nyekundu ipepese, kisha rudisha kidogo. Sasa pandisha masta, nobu ya sauti ya jumla.

Boksi usiliache sakafuni likikuelekea magotini. Liinue juu ya kiti imara au liegemeze nyuma lielekee kichwani. Ukiligandamiza kwenye kona ya kuta mbili, sauti za chini zinaongezeka sana; ukilisogeza mbele mita moja zinapungua. Wimbi la E lina urefu wa zaidi ya mita nane, kwa hiyo pale ulipo unaweza usisikie kitu, na aliyekaa mezani kwa mbali anatikisika. Ndiyo sababu unahitaji waya mrefu wa mara moja, au rafiki wa kupiga gitaa lako, ili utembee hadi katikati ya ukumbi usikilize mwenyewe.

Wote wapige sasa, wimbo mmoja wenye kila kitu. Uliza maswali kwa mpangilio huu. Je, kuna tope? Punguza 250, kidogo kidogo, mpaka sauti ya mwimbaji ifunguke. Je, noti haisikiki? Pandisha sauti za kati, karibu na 800, kabla hujagusa sauti ya jumla. Je, bado mngurumo upo? Punguza sauti za chini. Ndiyo, punguza. Utaogopa, utaona besi imekuwa nyembamba, hasa ukiisikiliza peke yake. Rudi katikati ya ukumbi wakiwa wote wanapiga, utakuta ndiyo kwanza imeanza kusikika.

Ile sura ya tabasamu, vijiti vya pembeni juu na vya katikati chini, ni tamu chumbani na ni kaburi ukumbini. Katikati unapopashusha ndipo noti zako zinapoishi, na pembeni unapopandisha kuna ngoma ya mguu chini na matoazi juu, na wote hao wana haki yao.

Mgombane kwa adabu na ngoma ya mguu. Kama mpiga ngoma ana sauti nzito ya chini, mwachie 60, wewe chukua 90 hadi 120. Kama ngoma yake ni kavu, shuka wewe. Hamuwezi wote wawili kukaa kiti kimoja.

Halafu kuna mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Makanisani hili ndilo tatizo la kwanza, na hakuna nobu inayolitibu. Yeye alijifunza akiwa peke yake, akizoea kujipigia besi mwenyewe. Mfuate baada ya mazoezi, mbali na wengine: "Ndugu yangu, nikiwepo mimi, mkono wako wa kushoto upande oktava moja." Nimeona bendi ikibadilika siku moja kwa sentensi hiyo. Kwenye taarabu ya vinanda tahadhari ni hiyohiyo; wale wa taarabu asilia Zanzibar wenye ile besi kubwa ya kusimama wana raha zao.

Kuhusu aina za muziki, kwa ufupi: rumba na dansi ya zamani, mkono katikati, sauti za juu chini, noti fupi. Sebene, sogea kuelekea daraja, ongeza 800 hadi 1,000. Rege, pikapu (sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) ya upande wa shingo, sauti za juu zifunge karibu kabisa, kipande cha sifongo. Benga inataka besi inayoongea, nguvu kwenye sauti za kati na vidole vigumu.

Pedali? Ya kwanza ni tyuna, inayozima sauti unapotyuni. Ya pili, kama mkono wako haujatulia, ni kompresa, inayoshusha noti zinazozidi nguvu. Anza na uwiano wa 4 kwa 1, ishike noti za juu kabisa tu. Nyingine zote ni starehe.

Shoo ikiisha

Shusha masta, zima amplifaya, ndipo uchomoe waya. Ukichomoa kwanza, ule mlipuko unaousikia ni spika yako ikipigwa ngumi. Chomoa waya kwenye gitaa lenye betri. Piga picha ya nobu kwa simu, uandike jina la ukumbi. Pangusa nyuzi. Kunja nyaya kwa miduara mikubwa, usizizungushe kiwikoni, hapo ndipo zinapokatikia kwa ndani. Betri ya akiba, fyuzi mbili na testa vikae mfuko wa mbele wa begi lako mwenyewe, kwa sababu mpiga solo atakuomba, na ukishampa hutaviona tena.